Faili la cheti ni muhuri wa duka, lisikae kwa fundi

Biashara ya Mbinga haina miezi kumi na miwili inayolingana. Kuna miezi ya kungoja na kuna miezi ya kuuza. Kahawa inapoanza kuchumwa katika vilima vya Umatengo katikati ya mwaka, na fedha za minada zinapoanza kuingia katika vyama vya msingi, duka la vifaa vya ujenzi ambalo mwezi Machi lilikuwa likipima misumari kwa kilo huanza kutoa mabati kwa bando. Nyumba za wageni hujaa wanunuzi na madereva. Wauza pembejeo hulipwa madeni ya mbolea. Mwenye duka ambaye hakuuza katika miezi hiyo hana miezi mingine ya kufidia.

Kwa hiyo duka kushindwa kutoa risiti kwa siku tatu katika wakati huo si jambo dogo. Na chanzo chake kinaweza kuwa kitu ambacho wafanyabiashara wengi hawajawahi kukiona kwa macho, wala hawajui kama wanacho: faili moja la kompyuta lenye ukubwa wa kilobaiti chache, ambalo ndani yake mna cheti cha kidijitali na ufunguo wake wa siri.

Jambo hili lingeweza kupuuzwa zamani, wakati Mbinga ilipokuwa mwisho wa barabara. Leo sivyo. Barabara ya lami ya kilometa 66 imeteremka hadi Mbamba Bay. Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, inajengewa bandari ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa Septemba 2024. Makaa ya mawe ya Ngaka yanapakiwa kwenye malori yanayokwenda viwandani na bandarini Mtwara. Usipa mkavu wa Liuli na Lituhi unapanda milima kwenda Songea. Ng'ambo ya ziwa kuna Nkhata Bay na soko la Malawi. Wafanyabiashara wanaoingia katika mzunguko huu wanauziana na makampuni, na makampuni hayanunui bila risiti inayokubalika na Mamlaka ya Mapato.

Inafaa ikumbukwe tulikotoka. Mashine za kielektroniki za kutoa risiti, zile zinazojulikana kwa jina la EFD, zilianza Julai 2010 kwa waliosajiliwa katika Kodi ya Ongezeko la Thamani. Awamu ya pili ya mwaka 2013 ikawagusa wafanyabiashara wasiokuwa na VAT, na hapo makelele yakawa makubwa. Maduka yalifungwa Kariakoo na katika miji ya mikoani, na hoja kuu ilikuwa bei ya mashine. Baadaye ukaja mfumo wa VFD, yaani mashine isiyoshikika, ambayo ni programu tu ndani ya kompyuta, simu au seva. Aliyelalamikia bei ya mashine akapata nafuu. Supermaketi, hoteli, msafirishaji au muuza pembejeo mwenye mfumo wake wa mauzo anaweza kuunganisha mfumo huo moja kwa moja na ule wa Mamlaka.

Nafuu hiyo ilikuja na mzigo ambao haukutangazwa sana. Katika mashine ya zamani, siri zote zilikuwa ndani ya sanduku lililofungwa kwa lakiri. Mwenye duka aliliona sanduku, alilifuta vumbi, na likiibwa alikwenda polisi. Katika VFD ya kuunganishwa, siri ile ile imo katika faili. Mamlaka humpa anayesajiliwa faili la aina ya PFX pamoja na neno lake la siri. Kila risiti inayotoka hutiwa sahihi kwa ufunguo uliomo humo, na upande wa pili mfumo wa Mamlaka huikagua sahihi hiyo na kujua kwamba risiti imetoka kwa mwenye TIN fulani. Faili lisipofunguka hakuna sahihi, na pasipo sahihi hakuna risiti.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya mafundi. Hoja hiyo ndiyo inayostahili kujibiwa, na njia nzuri ya kuijibu ni kuangalia muhuri wa mpira.

Kila chama cha msingi Mbinga kina muhuri, na kila mjumbe wa bodi anajua muhuri unalala wapi. Uko ndani ya kasha, na kwa kawaida kasha halifunguliwi na mtu mmoja. Hakuna chama kilichowahi kumwachia mchonga mihuri wa Songea muhuri wake akae nao kwa sababu tu ndiye aliyeuchonga na anajua namna ya kuutengeneza ukiharibika. Chama kinachofanya hivyo kingechekwa. Lakini maduka mengi yanafanya jambo hilo hilo kwa muhuri wa kidijitali. Fundi aliyeunganisha mfumo ndiye mwenye faili, ndiye anayejua neno la siri, ndiye aliyelihifadhi katika kompyuta yake ya mapajani pamoja na mafaili ya wateja wengine. Mwenye TIN, ambaye ndiye atakayeitwa kujieleza, hana kitu mkononi.

Watu wa Mbinga wanalijua jambo linalofanana na hili. Mkulima mwenye shida ya fedha huuza kahawa ikiwa bado maua kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika mavuno si yake. Biashara hiyo inaitwa magoma, na serikali na vyama vimeipiga vita miaka nenda miaka rudi. Kumwachia mtu mwingine ufunguo wa risiti zako ni magoma ya namna yake. Tofauti ni kwamba mkulima wa magoma anajua alichouza.

Sasa ni vizuri kueleza faili lenyewe, kwa sababu hapa ndipo hasara nyingi zinapoanzia, na zinaanzia katika mambo madogo ambayo mtu yeyote anayeweza kusoma ankara anaweza kuyaelewa.

Cheti cha kidijitali kina sehemu mbili zinazohusiana. Ya kwanza ni cheti chenyewe: jina la mwenye nacho, namba ya mfululizo, aliyekitoa, tarehe ya kuanza na ya kwisha, na ufunguo wa wazi. Hii si siri. Hata ikibandikwa ukutani pale sokoni haimdhuru mtu. Ya pili ni ufunguo wa siri, na huo ndio muhuri. Utaratibu wa vyeti hivi unaitwa X.509 na ulianza mwaka 1988, kwa hiyo si jambo la jana. Taabu ni kwamba kitu hicho kimoja kinaweza kuvalishwa nguo nyingi, na kila nguo ina jina lake.

Nguo ya kwanza ni DER, ambayo ni maandishi ya mashine tupu. Ukilifungua kwa programu ya kuandikia utaona takataka. Ya pili ni PEM, iliyotokana na mpango wa barua pepe za siri wa mwaka 1993. Hii ni DER ile ile iliyogeuzwa kuwa herufi na tarakimu za kawaida, ikawekwa mstari wa kuanza na mstari wa kumaliza wenye vistari vitano kila upande. PEM inasomeka machoni na inaweza kunakiliwa kwa urahisi, na urahisi huo una hatari yake: ufunguo wa siri ukiwekwa katika PEM bila kufungwa, aliyeuona ameupata. Kisha kuna mafaili yanayoishia na CER au CRT. Haya humchanganya hata fundi, maana yanaweza kuwa DER au PEM kwa ndani, na kwa kawaida hayana ufunguo wa siri kabisa. Faili la P7B nalo hubeba mlolongo wa vyeti, tena bila ufunguo.

Mwisho kuna PFX, ambayo pia huitwa P12. Hili ni sanduku. Ndani yake mna cheti, mna vyeti vya waliokitoa, na mna ufunguo wa siri, vyote vimefungwa kwa neno la siri. Kanuni zake zilitolewa na maabara ya kampuni ya RSA, toleo la kwanza kamili likiwa la mwaka 1999, na tangu 2014 ni kanuni ya wazi ya intaneti.

Ukiyajua hayo utaona kosa la kwanza linavyotokea. Mwenye duka mwangalifu anamwambia fundi, "Nipe nakala ya cheti changu nitunze." Fundi, kwa nia njema kabisa au kwa uvivu, anampa faili la CER. Mwenye duka analiweka katika flashi, anaifungia flashi kabatini, analala usingizi mzuri. Siku kompyuta inapokufa, na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo hauzihurumii kompyuta, flashi inatolewa na kumbe ndani mna picha ya muhuri tu, muhuri wenyewe haumo. Jina linasomeka, tarehe inasomeka, lakini hakuna risiti hata moja inayoweza kutiwa sahihi. Kulibadilisha jina faili hilo likaishia na PFX hakusaidii kitu, kama ambavyo kubandika lebo ya mchele kwenye gunia la pumba hakuongezi mchele.

Kosa la pili limejificha zaidi, na ndilo linalostahili kuangaliwa na kila mwenye seva inayotumia Windows. Fundi anapoliingiza faili la PFX katika kompyuta, Windows humwuliza kama ufunguo uruhusiwe kutolewa tena baadaye. Kisanduku hicho kisipowekwa alama, ufunguo unaingia na hautoki kwa njia ya kawaida. Kwa usalama ni jambo jema. Lakini fundi akishaliingiza namna hiyo kisha akalifuta faili la asili, nakala pekee ya muhuri imebaki ndani ya kompyuta moja, kwenye diski moja, chini ya kaunta moja. Hapo mfanyabiashara ameweka msimu wake wote juu ya diski ambayo bei yake haifiki ya bando moja la bati.

La tatu ndilo lenye kuudhi kuliko yote, kwa sababu kompyuta yenyewe humdanganya mtu. Programu nyingi za duniani hufungua masanduku haya kwa kutumia kifurushi cha usimbaji kinachoitwa OpenSSL. Toleo lake la tatu, lililotoka Septemba 2021, liliacha kupokea kwa kawaida namna za kale za kufunga siri, hasa ile ya RC2 ya biti 40. Na mafaili mengi ya PFX ya zamani yalifungwa kwa namna hiyo hiyo. Matokeo yake ni kwamba fundi anaboresha seva, mfumo unapata programu mpya, na asubuhi faili lililokuwa likifunguka jana linakataa. Hakuna aliyeliharibu. Kufuli ni la zamani na fundi mpya wa kufuli hafungui vya zamani mpaka aambiwe waziwazi.

Upande wa pili ni mbaya zaidi. Faili jipya lililofungwa kwa usimbaji wa kisasa wa AES likipelekwa kwenye Windows ya kale, kama Windows Server 2016 au Windows 7, kompyuta haisemi kwamba haijui kufuli hilo. Inasema neno la siri si sahihi. Mwenye duka anaambiwa amekosea. Anajaribu tena, herufi kubwa, herufi ndogo. Anampigia fundi, fundi anaapa kwamba neno ni lile lile. Ugomvi unaanza, kila mmoja akimshuku mwenzake, na wote wawili wako sahihi. Kompyuta za mitumba zinazoletwa kutoka Dar es Salaam bado zinatumika katika maduka mengi ya mikoani, kwa hiyo mkasa huu si wa kufikirika.

Kuna jambo la kuchekesha kidogo katika hizo biti 40. Namna hiyo dhaifu ilienea kwa sababu katika miaka ya 1990 Marekani ilizuia programu zenye usimbaji wenye nguvu kuuzwa nchi za nje. Masharti hayo yalilegezwa mwaka 2000. Uamuzi wa maofisa wa Washington wa enzi za Clinton bado unaweza kumzuia mtu wa Mbamba Bay kumwandikia mnunuzi risiti ya saruji.

Dawa ya kosa hili ipo na si ghali. Faili hufunguliwa kwa programu ya zamani, au kwa ile mpya iliyoruhusiwa kusoma ya zamani, kisha hufungwa upya kwa namna ambayo mfumo wa duka unaielewa. Ni kazi ya dakika kumi kwa anayejua. Lakini inafanyika tu pale faili na neno la siri vinapopatikana, na hapo tunarudi pale pale pa nani mwenye muhuri.

Hadi hapa hasara iliyotajwa ni ya kufungiwa nje. Ipo ya pili, ya mtu mwingine kuingia ndani. Mwenye kulipata faili la PFX na neno lake la siri anao uwezo wa kutia sahihi kwa jina la aliyesajiliwa. Biashara ya risiti za uongo haikuanza leo. Wako wanaozitafuta ili kuongeza gharama zao hewa na kupunguza kodi. Risiti iliyotiwa sahihi kwa ufunguo halisi haina alama yoyote ya kughushi. Kwenye vitabu vya Mamlaka itasomeka kwamba duka la Mbinga limeuza, na mwenye duka aliyesajiliwa katika VAT atadaiwa asilimia 18 ya mali ambayo hakuwahi kuwa nayo. Atasema nini? Kwamba ufunguo ulikuwa kwa fundi? Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaijenga sahihi salama juu ya msingi kwamba njia ya kuitia iko chini ya mamlaka ya mwenye sahihi. Aliyeiachia njia hiyo kwa hiari yake ameidhoofisha hoja yake mwenyewe kabla hajaanza kusema.

Na faili hizi zinasafirishwa vipi? Mara nyingi kwa WhatsApp. PFX inatumwa, na ujumbe unaofuata, katika mazungumzo yale yale, ni neno la siri. Simu ikiibwa kituo cha mabasi, mwizi amepata kasha na ufunguo wa kasha katika mfuko mmoja. Aliye makini angetuma faili kwa njia moja na kulitaja neno kwa mdomo, au, kwa umbali wa Mbinga mjini, angempelekea mtu flashi mkononi.

Programu za kulinda kompyuta nazo zina neno lake hapa, maana wengi hudhani kwamba wakishanunua programu ya kuzuia virusi wamemaliza. Baadhi ya programu hizo, ili kukagua mawasiliano yaliyofungwa, huweka cheti chao cha mizizi ndani ya kompyuta, na kuanzia hapo wao ndio wanaothibitisha kila tovuti inayofunguliwa, hata ya benki. Ikifanywa vizuri haina ubaya mkubwa. Ikifanywa vibaya yanatokea yale ya mwaka 2015, pale kompyuta za Lenovo zilipogundulika kuwa zimeuzwa na programu ya matangazo iitwayo Superfish ambayo iliweka cheti cha namna hiyo kwenye kila mashine, zote zikiwa na ufunguo mmoja, na ufunguo huo ukavunjwa haraka. Kwa hiyo fundi anayesema "bonyeza hapa, kubali cheti hiki" anastahili kuulizwa ni cheti gani, kimetolewa na nani na kinaingia wapi. Cheti cha duka ni kitu kimoja. Cheti cha mizizi kinachoipa kompyuta nzima mtu wa kumwamini ni kitu kingine.

Wawekezaji wadogo wanaosoma habari za hisa wanaweza kuona kwamba hayo ni ya wauza duka. Historia haikubaliani nao. Mwaka 2011 kampuni ya Kiholanzi ya DigiNotar, ambayo kazi yake ilikuwa kutoa vyeti, iliingiliwa na wavamizi waliojitengenezea vyeti vya bandia zaidi ya 500, kimojawapo cha jina la Google. Haikupita miezi mingi kampuni ikafilisika. Bidhaa yake ilikuwa uaminifu na uaminifu ulikuwa umekwisha. Desemba 2018 wateja wa simu wa O2 nchini Uingereza, mamilioni kwa mamilioni, walikaa karibu siku nzima bila intaneti kwa sababu cheti kilichomo katika programu ya Ericsson kilikuwa kimepita tarehe. Na katika mkasa wa Equifax wa Marekani mwaka 2017, uchunguzi wa Bunge ulionyesha kwamba chombo cha kukagua mawasiliano kilikuwa kipofu kwa miezi 19 kutokana na cheti kilichokwisha muda bila mtu kukibadilisha; wezi walikaa ndani siku 76, na taarifa za watu wapatao milioni 148 zikaondoka. Haya ni makampuni yenye idara nzima za kompyuta. Yaliyowaangusha hayakuwa mambo makubwa ya kitaalamu. Ilikuwa tarehe ambayo hakuna mtu mmoja aliyepewa kazi ya kuikumbuka.

Tarehe zenyewe zinazidi kukaribiana. Aprili 2025 watengenezaji wa programu za kufungulia intaneti na watoa vyeti vya tovuti walikubaliana kufupisha maisha ya vyeti hivyo kwa hatua: siku 200 kuanzia Machi 2026, siku 100 kuanzia Machi 2027, na siku 47 kuanzia Machi 2029. Uamuzi huo unahusu vyeti vya tovuti, hauhusu vya kutia sahihi risiti. Hata hivyo hoteli ya Mbamba Bay yenye tovuti ya kupokea wageni, au chama cha ushirika chenye ukurasa wa kuonyesha kahawa yake kwa wanunuzi wa nje, kitapaswa kuwa na mfumo unaojihuisha wenyewe, la sivyo mgeni wa Ujerumani atakaribishwa na onyo jekundu la hatari badala ya picha ya ziwa.

Sasa, ni haki pia kuitazama hoja ya upande wa pili. Mwenye duka anasema: nimelipa kampuni inishughulikie, mimi kazi yangu ni kuuza saruji, nikianza kutunza mafaili nitayapoteza mwenyewe, afadhali yakae kwa mtaalamu mwenye seva nzuri. Hoja hii ina uzito. Kweli wapo watoa huduma wanaotunza funguo kwa uangalifu kuliko kaunta yoyote ya Mbinga. Lakini hoja hiyo inathibitisha tu kwamba mtaalamu apewe nakala ya kufanyia kazi. Haionyeshi kwa nini mwenye mali asiwe na yake. Fundi anahamia Dodoma, kampuni ndogo inafungwa, watu wanagombana kwa ajili ya ada ya mwaka. Katika ugomvi wa ada, aliyeshika ufunguo ndiye anayetaja bei, na mwenye duka mwezi wa Agosti atalipa bei yoyote.

Lawama nazo zigawanywe. Maelezo ya kuunganisha mifumo haya huandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu, yakimlenga mtengeneza programu. Mlipakodi mwenyewe hupewa faili bila kuelezwa kwa Kiswahili chepesi kwamba hiki ni sahihi yako, usimpe mtu, na kikipotea fanya hivi na vile. Kipande kimoja cha karatasi kinachotolewa siku ya usajili kingetosha kuokoa fedha nyingi, na ofisi za kodi zinazofanya semina za walipakodi kila mwaka zina nafasi ya kulisema hilo. Wauza mifumo nao wana kosa lao. Wengi huona kukaa na faili la mteja kuwa ni kamba ya kumfungia asihame. Ni biashara ya kizamani, na soko huria lingeiadhibu haraka kama wateja wangejua cha kudai.

Cha kudai si kingi. Mkataba useme kwamba faili la PFX na neno la siri ni mali ya mwenye TIN, na kwamba vinakabidhiwa kwake siku ya kumaliza kazi. Mwenye duka aweke nakala mbili katika flashi mbili, moja dukani ndani ya kasha na nyingine mahali pengine, kwa sababu moto hauchagui. Neno la siri liandikwe katika karatasi isiyokaa na flashi. Katika daftari la duka, pale zinapoandikwa leseni na bima, iongezwe mistari mitatu: namba ya mfululizo ya cheti, tarehe ya kwisha, jina la anayehusika kukihuisha. Katika chama cha msingi jina hilo lisiwe la mtu mmoja, kama ambavyo kasha halina ufunguo mmoja.

Kisha lifanyike jaribio, maana nakala isiyojaribiwa ni matumaini tu. Flashi ichomekwe katika kompyuta nyingine, faili lifunguliwe kwa neno la siri mbele ya mwenye duka, na fundi aonyeshe kwamba ufunguo wa siri umo. Windows yenyewe husema, ukikifungua cheti kilichoingizwa, kama kompyuta hiyo inao ufunguo unaolingana nacho au haina. Baada ya jaribio ufunguo ufutwe katika kompyuta hiyo ya pili, vinginevyo mwenye duka ametengeneza muhuri mwingine na kuusahau mezani. Wakati wa kufanya hivyo ni miezi ya kungoja, Februari au Machi, wala si siku ambayo lori la mabati limesimama mlangoni. Na kama mfumo ndio kwanza unafungwa, malipo ya mwisho ya fundi yasubiri siku ya jaribio.